Malisho ya Rumanyika: Maua na Vipepeo wa Vilima vya Kagera

Mji mdogo wa Murongo umekaa ukingoni mwa mto Kagera, katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ng'ambo ya mto ni Kikagati, nchi ya Uganda. Mto wenyewe hupanda kutoka kusini ukiwa mpaka baina ya Rwanda na Tanzania, kisha hupinda kuelekea mashariki kabla ya kufika Murongo, na ndani ya pindo hilo vimesimama vilima vya nyasi, mgongo nyuma ya mgongo, na mabonde yenye miti baina yao. Mvua za vuli zinapoanza, majivu ya moto wa kiangazi yakiwa bado juu ya ardhi, migongo hiyo huchanua. Hutoka ua jekundu la duara, mithili ya tufe, lililotangulia majani yake kutoka kwenye tunguu. Hufuata marejea ya manjano na maua ya zambarau ya jamii ya Vernonia. Katika vichaka hupanda Gloriosa, ambaye petali zake nyekundu na manjano zimepindika kwenda juu kama ndimi za moto. Juu ya hayo yote huruka vipepeo.

Sehemu ya vilima hivyo ni Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019, yenye kilometa za mraba zipatazo 300. Mgeni anayesimama pale huambiwa kwamba anaiona nchi kama ilivyoumbwa, kabla mkono wa mtu haujaigusa. Historia ya Karagwe haikubaliani na maneno hayo.

Mtu wa kwanza kuyaandika maua ya Karagwe katika vitabu vya sayansi alikuwa Mskoti James Augustus Grant. Yeye na mwenzake John Hanning Speke waliondoka Unguja mwezi Septemba 1860, wakiwa na wapagazi na walinzi walioandikwa hapa visiwani na pwani, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa Bara Hindi, na kurudi Afrika akiwa mtu huru. Mwezi Novemba 1861 msafara uliingia Bweranyange, makao ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Haukupita muda mrefu Grant akashikwa na maradhi ya mguu. Goti likavimba, vidonda vikafunguka, na kwa miezi mingi hakuweza kusimama. Speke alimwacha mwezi Januari 1862 akaenda Buganda. Grant alitoka Karagwe katikati ya mwezi Aprili, amebebwa juu ya machela.

Hata hivyo mimea ya Karagwe imo katika mkusanyo wake, imekaushwa, imebanwa katika karatasi, na kuandikiwa mahali ilipotoka. Mtu asiyeweza kusimama hapandi mlimani kuchuma maua. Wiki zake chache za afya zilitosha kwa baadhi ya mimea hiyo. Mingine, yaelekea, ililetwa kitandani kwake na mikono ya watu wengine: wavulana wa Bweranyange, watumishi wa mfalme, au watu wa msafara waliotoka Unguja. Majina yao hayamo katika vitambulisho vya mimea, na hilo halikuwa jambo la ajabu katika zama zile. Ila si haki kusoma kazi hiyo kana kwamba jicho lilikuwa moja tu.

Mimea hiyo ilibebwa hadi Gondokoro, ikashuka mto Nile, ikafika Bustani ya Kifalme ya Kew karibu na London. Mtaalamu Daniel Oliver na wenzake waliichambua, na matokeo yakachapishwa baina ya mwaka 1872 na 1875 katika juzuu la 29 la jarida la Jumuiya ya Linnaeus, pamoja na michoro zaidi ya mia moja. Anwani ya kazi hiyo inaitaja safari kwamba ilitoka Zanzibar hadi Misri. Humo ndimo ulimo mmea mmoja wa jamii ya Vernonia uliopewa jina la *Vernonia karaguensis*, maana yake Vernonia ya Karagwe. Mmea huo hauoti Karagwe peke yake, hupatikana katika nchi nyingi za Afrika. Lakini kanuni ya wataalamu wa mimea ni kwamba jina hufuata mahali au mtu waliyemchagua wenyewe, na hivyo ufalme wa Rumanyika ukaingia katika Kilatini cha sayansi huku ukielekea kuanguka.

Jambo la kumsifu Grant ni kwamba aliandika pia majina ya wenyeji. Kazi ile ya Kew ina orodha yake, imepangwa kwa alfabeti, na maelezo ya matumizi ya mimea kwa chakula, dawa na kamba. Orodha hiyo ni ya msafiri: imechanganya lugha, na tahajia yake ni ya sikio la mgeni. Lakini inatufundisha kwamba pale Bweranyange mimea haikuwa inangoja kuitwa. Ilikuwa na majina, na jina lililo na kazi ndani yake ni elimu. Speke alifanya vivyo hivyo kwa mnyama. Swala wa majini aliyeletewa na watu wa Rumanyika alimwandika kwa jina alilolisikia kwao, *nzoe*. Sayansi ikamwita *Tragelaphus spekii*, kwa jina la Speke. Ziwa lililokuwa karibu na makao ya mfalme wageni waliliita Windermere Dogo, kwa kuwa Grant aliona linafanana na ziwa la kwao Uingereza. Kufananisha si kosa. Kila msafiri hupima ugeni kwa kipimo cha nyumbani, na hata katika makala haya itabidi kufananisha vilima vya Kagera na vilima vya Uingereza. Tofauti ni kwamba mfano wa Grant ulikuwa wa sura tu. Upo mfano mwingine baina ya nchi hizo mbili, ambao Grant asingeweza kuujua, nao ni wa ndani zaidi.

Kwanza ni lazima kujua Karagwe ilikuwa nchi ya namna gani. Rumanyika alikuwa mfalme wa ng'ombe. Utajiri wake, mahari za watu wake, heshima ya barazani kwake, vyote vilipimwa kwa ng'ombe wa pembe ndefu, wale ambao leo huitwa wa Ankole. Speke alistaajabia wake wa nyumba ya kifalme walionyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, alionyeshwa hazina ya mfalme, na humo zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa madini. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa na kituo chao Kafuro, mwendo mfupi kutoka ikulu, walikuja kwa pembe za ndovu, lakini waliishi katika nchi iliyonuka maziwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe.

Makundi makubwa ya ng'ombe hayakai juu ya ardhi bila kuibadilisha. Mchunga huchoma nyasi kavu mwishoni mwa kiangazi ili chipukizi laini litoke na kupe wapungue. Moto huo huua miche ya miti kabla haijapata ganda nene. Ng'ombe nao hula nyasi ndefu zisipate kufunika kila kitu, na kwato zao hupasua ardhi ambamo mbegu ndogo hushika. Udongo wa migongo ya Karagwe ni mwembamba, umekaa juu ya mawe magumu ya kale ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Karagwe na Ankole kwa pamoja. Udongo maskini, ukichungwa na kuchomwa, haumpi mmea mmoja nguvu ya kuwashinda wengine. Ndiyo maana maua huwa ya aina nyingi hapo. Yale yenye matunguu hulala chini ya moto na kuamka na mvua. Yale ya mwaka mmoja hupata nafasi ya jua. Mahali nyasi zinapoachwa zirefuke, maua hayo hupotea polepole, na mahali panapochungwa kupita kiasi hutawala nyasi ngumu ambayo ng'ombe haitaki, ile ambayo wafugaji wa Ankole huiita *omuteete*. Kati ya hali hizo mbili mchunga alitembea kila siku na fimbo yake mabegani.

Vipepeo nao walifuata. Chukua mfano wa *Danaus chrysippus*, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, ambaye kila mtoto wa Afrika Mashariki amewahi kumkimbiza. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mwake hata anapokuwa kipepeo. Ndege akimjaribu mara moja hamrudii. Ng'ombe nao huikwepa mimea hiyo. Basi pale ambapo mifugo hula kila kitu kingine, mimea ya utomvu husimama peke yake na kuongezeka, na kipepeo huongezeka pamoja nayo. Nyuma yake huja mwigaji, jike la *Hypolimnas misippus*, asiye na sumu hata tone, aliyevaa nguo zile zile ili ndege wamdhanie mwingine. Madume ya vipepeo wengi hushuka kwenye matope ya mnyweshea na kwenye kinyesi kibichi kutafuta chumvi. Mtu akitaka kuwaona vipepeo wakubwa wa jamii ya Charaxes, ambao hawajali sana maua, na awatafute katika samadi. Si picha ambayo hupendwa na wachapishaji wa kalenda.

Kipepeo huyo wa chungwa ana habari nyingine inayoihusu kanda hii. Afrika Mashariki ndiyo mahali ambapo sura zake mbalimbali, zile zinazotawala kila moja katika pande nyingine za bara, hukutana na kuchanganyika. Katika miaka ya 1960 Denis Owen, aliyekuwa mwalimu katika Chuo cha Makerere, aliwafuga vipepeo hao mjini Kampala, akaona majike yaliyozaa majike watupu, kizazi baada ya kizazi. Sababu ilifahamika mwaka 2000: bakteria anayepita kwa mama huwaua watoto wa kiume wakiwa bado ndani ya mayai. Jambo kubwa namna hiyo lilikuwa likitendeka katika kipepeo wa njiani, anayedharauliwa kwa wingi wake.

Msiba wa Karagwe ulianza baada ya Rumanyika, aliyefariki karibu na mwaka 1880. Warithi wake waligombana na kuuana. Mwezi Julai 1889 Stanley alipita tena, safari hii akitoka Ankole na Emin Pasha, akavuka Kagera na kufika kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo alikuwa amezizuru mwaka 1876. Ni bonde lenye miti mikubwa katikati ya nchi ya nyasi, na wagonjwa walikuja kuoga humo kutoka mbali. Emin, daktari mwenye macho mabovu aliyeitumikia serikali ya Misri huko Ikwatoria, alikuwa mkusanyaji asiyechoka wa ndege na wadudu, na Stanley alimcheka kwa hilo. Mwaka 1891 Emin alirudi Karagwe akiwa upande wa Wajerumani, pamoja na Franz Stuhlmann, na mikusanyo yao ikaenda Ujerumani.

Wakati huo huo sotoka ilikuwa imeingia. Maradhi hayo ya ng'ombe, yaliyoshuka kutoka pembe ya Afrika, yalifagia makundi ya nchi za maziwa makuu kuanzia mwaka 1890. Yaliua ng'ombe, yaliua nyati na wanyama wengine wenye kwato. Ndui na njaa vikafuata kwa watu, kisha funza. Mtaalamu wa mimea G. F. Scott Elliot, aliyepita Karagwe mwaka 1894 akirudi kutoka milima ya Ruwenzori kuelekea Tanganyika, aliingia katika nchi ambayo Grant asingeitambua. Vilima vilikuwa vile vile. Aliyeviweka wazi hakuwapo.

Yaliyotokea baadaye yameandikwa vizuri zaidi na mtu ambaye kazi yake ilikuwa mdudu mwingine kabisa. John Ford alikuwa mtaalamu wa mbung'o, na kwa kuwa alitaka kujua mbung'o wa Karagwe wametoka wapi alilazimika kuwa mwanahistoria. Mwaka 1947 yeye na R. de Z. Hall walichapisha historia ya Karagwe katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*, na mwaka 1971 akatoa kitabu kikubwa juu ya nafasi ya ugonjwa wa malale na nagana katika mazingira ya Afrika. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba ng'ombe na wachungaji walipotoweka, vichaka vilirudi. Vichaka vilipokuwa vikubwa vikawa kivuli cha mbung'o; mbung'o alipofika, ng'ombe waliosalia hawakuweza tena kurudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbung'o alienea Karagwe, akavuka Kagera, akaingia Ankole. Mlango ukafungwa kwa ndani.

Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilichukua wazo hilo na kulipanua kwa nchi yote ya Tanganyika katika kitabu chake cha mwaka 1977. Alikosolewa, na baadhi ya lawama ni za haki: hapakuwa na zama za dhahabu ambamo kila mtu alishiba na kila kichaka kilikuwa mahali pake. Israel Katoke, katika historia yake ya ufalme wa Karagwe iliyotoka mwaka 1975, anaonyesha nchi yenye vita vya urithi na matabaka kati ya wenye ng'ombe na wenye jembe. Malisho ya Rumanyika hayakuwa bustani ya wote. Lakini katika jambo moja Ford hajashindwa bado. Pori alilolikuta mkoloni na kulichora katika ramani kama pori la asili lilikuwa, kwa sehemu kubwa, kaburi la malisho.

Hapa ndipo mfano wa Uingereza unapofaa. Kusini mwa nchi hiyo kuna vilima vya mawe ya chaki na mawe mengine ya chokaa, vyenye udongo mwembamba na nyasi fupi kama zulia, maarufu kwa maua madogo ya aina nyingi na vipepeo wa buluu. Kwa muda mrefu Waingereza waliviimba kama sura ya asili ya nchi yao. Kumbe vilikuwa kazi ya kondoo, walioanza kuchungwa humo maelfu ya miaka iliyopita, na baadaye ya sungura. Ufugaji ulipopungua, na ugonjwa ulipowaua karibu sungura wote kuanzia mwaka 1953, nyasi zilirefuka, vichaka vya miiba vikapanda.

Yupo kipepeo mmoja, yule mkubwa wa buluu, *Phengaris arion*, aliyelipa deni hilo. Kiwavi wake hula maua ya mmea wa zaatari wa mwituni kwa wiki chache, kisha hujiangusha chini na kujifanya mtoto wa siafu mwekundu wa aina moja. Siafu humbeba hadi shimoni, naye humlipa mwenyeji wake kwa kula watoto wake. Wapenzi wa vipepeo waliona anapungua, wakadhani wanaomwangamiza ni wakusanyaji. Wakazungushia ua baadhi ya makazi yake. Ua uliwazuia wakusanyaji, ukazuia na mifugo. Nyasi zikarefuka, na kipepeo akafa ndani ya ulinzi. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Jeremy Thomas aligundua kwamba siafu yule anataka ardhi yenye joto, na ardhi hupata joto pale tu nyasi zinapokuwa fupi sana. Elimu ilifika ikiwa imechelewa: mwaka 1979 kipepeo huyo alitoweka Uingereza. Alirudishwa kuanzia mwaka 1983, kwa mayai na viwavi kutoka Sweden, na mahali alipowekwa ng'ombe na farasi walirudishwa kwanza.

Haifai kuvuta mfano kupita urefu wake. Karagwe ina simba na chui, ina mbung'o, ina moto wa kila mwaka. Vilima vya chaki havina hata kimoja. Wala si kila kipepeo wa Kagera anaitaka nyasi. Ukiufuata mto huo kutoka Murongo kwenda mashariki, utafika karibu na ziwa kwenye msitu wa Minziro, katika wilaya ya Missenyi, msitu wa kinamasi unaoungana na ule wa Sango Bay wa Uganda. Humo vipepeo ni zaidi ya aina 500, wengi wao ndugu wa vipepeo wa Kongo na Afrika Magharibi ambao hawaonekani mahali pengine popote Tanzania. Mnorwei Jan Kielland, katika kitabu chake cha vipepeo wa Tanzania cha mwaka 1990, aliupa msitu huo nafasi inayoustahili. Kipepeo wa Minziro anahitaji kivuli na utulivu, na mchunga akiingia na moto wake ataangamiza. Mto mmoja, mkoa mmoja, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwenziwe. Ndiyo kusema sheria moja ya kuhifadhi, iliyoandikwa mezani kwa ajili ya nchi nzima, haitatosha.

Katika pindo la Kagera, karne ya 20 ilizidi kupindua mambo. Upande wa Uganda, miaka ya 1950 na 1960, serikali ilipiga risasi maelfu ya wanyama wa porini katika Ankole ili mbung'o wakose damu na ng'ombe wapate nchi. Upande wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, nchi ile ile ya mbung'o ilitengwa kuwa mapori ya akiba, Ibanda likiwa mojawapo, kwa kuwa watu hawakuwapo wa kuhamishwa, au walikuwa wachache. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Karagwe kwa makumi ya maelfu, na waliofuatana nao ni shoka, kuni na mitego. Kisha wengi wakarudishwa mwishoni mwa mwaka 1996. Wafugaji wenye makundi makubwa waliingia mapori hayo kimya kimya. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa mkoani Kagera watu wengi walioambiwa si raia, pamoja na mifugo, na miongoni mwa walioondolewa walikuwamo waliozaliwa huko. Mwaka 2019 mapori yakapandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa, Burigi-Chato, na Rumanyika-Karagwe.

Jina hilo la mwisho linastahili kutazamwa mara mbili. Hifadhi imepewa jina la mfalme ambaye hazina yake ilikuwa na ng'ombe wa madini, na ndani yake ng'ombe wa nyama na damu haruhusiwi kukanyaga. Sheria ya hifadhi za taifa haina njia nyingine, na wanaoitetea wana sababu: makundi yaliyoingia kabla ya mwaka 2019 hayakuwa ya mchunga wa zamani mwenye ng'ombe thelathini na moto wa msimu. Mengi yalikuwa mali ya watu wa mbali wenye nguvu, na ardhi iliyochungwa hivyo haikuzaa maua, ilizaa *omuteete* na makorongo. Lakini sababu nzuri ya kuondoa mifugo haijibu swali la nani atashika kazi yake.

Jibu moja linaonekana safari fupi kaskazini mwa Murongo, katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, Uganda. Ilitangazwa mwaka 1983 katika malisho ya kale ya Wahima, na wenyewe wakaondolewa bila fidia. Baada ya vita wengi walirudi, kisha wakaondolewa tena. Mifugo ilipopungua, na tembo wakiwa wamekwisha toweka zamani, mti mmoja mfupi wa miiba wa jamii ya migunga, *Acacia hockii*, uliivamia nchi ya nyasi. Swala na pundamilia wakatoka nje ya mpaka wa hifadhi kufuata nyasi fupi kwenye mashamba ya ng'ombe ya majirani. Wakuu wa hifadhi, baada ya kuujaribu moto na kuona mgunga ule unachipua tena kutoka mizizini, walilazimika kuwaajiri vibarua.

Ibanda ina moto, na moto wa mapema, unaowashwa nyasi zikiwa bado na unyevu, haufanyi kazi sawa na moto wa mwisho wa kiangazi aliouwasha mchunga. Ule wa mwisho ndio unaoua miche. Ina nyati na topi, ambao kwa idadi waliyonayo hawawezi kufanya kazi ya makundi ya Rumanyika. Kule Mburo, vibarua wameingia na majembe na sururu, na kazi yao imekuwa kung'oa mgunga mmoja mmoja, na mzizi wake, kilima baada ya kilima.